Sauti Isiyopita Hewani

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mvua iliyoanza alfajiri ilikuwa imekatika, mabati yalikuwa yakidondosha matone ya mwisho, na jua lilikuwa bado linasitasita nyuma ya mawingu. Katika sebule ya nyumba moja ndogo, watu watatu walikuwa wameizunguka kompyuta kama watu wanaomtazama mgonjwa aliyelala.

Aliyekaa mbele yake alikuwa mwanamke ambaye kwao aliitwa Mkubwa, kwa kuwa ndiye kifungua mimba wa mama yake. Alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Kwa miaka mingi sauti yake ndiyo iliyowaambia abiria treni ipi inaingia, itasimama upande gani na itaondoka lini. Miezi minne kabla ya asubuhi hiyo, madaktari waliondoa kikoromeo chake kwa sababu ya uvimbe. Waliyaokoa maisha yake. Sauti hawakuweza kuiokoa. Sasa alipumua kupitia tundu dogo shingoni, lililofunikwa kwa mtandio mwepesi, na alizungumza kwa kuandika kwenye ubao mdogo mweupe.

Nyuma yake alisimama mumewe, fundi cherehani, mtu wa maneno machache na wasiwasi mwingi. Tangu alipoamka alikuwa akipambana na kelele. Alichomoa friji kwa sababu inanguruma. Alisimamisha saa ya ukutani kwa sababu inagonga. Alimwomba jirani asiwashe redio, na jirani, ambaye hakuwa na redio, alikubali.

Wa tatu alikuwa mdogo wa mumewe, ambaye kila mtu alimwita Kipaza. Kazi yake ilikuwa kufunga spika kwenye harusi, mikutano na misiba. Alikuwa amepiga magoti sakafuni kando ya mkoba wa nyaya ambazo siku hiyo hakuzihitaji hata moja.

"Kaka, rudisha friji," alisema Kipaza. "Maziwa yataharibika bure."

"Itasikika kwenye simu."

"Leo hata ukileta bendi humu ndani haitasikika. Ndiyo maana ya kazi ninayoifanya."

Mumewe aliitazama friji, akamtazama mdogo wake, akaiacha friji ilivyo.

Jambo lililowakutanisha lilikuwa hili. Mama yake Mkubwa aliishi mji mwingine, mbali, pamoja na binti yake wa mwisho, aliyeitwa Mdogo. Wiki iliyopita Mama aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Alikuwa amelazwa. Daktari alisema afanyiwe upasuaji ifikapo Jumatatu, la sivyo hatasimama tena, na mtu wa umri wake asiposimama, kitanda humla polepole. Mama alikataa. Hakukataa kwa hofu ya kisu. Alikataa kwa sababu hakuna jambo zito lililowahi kuamuliwa katika familia hiyo bila Mkubwa kusema neno lake, na Mkubwa hajasikika kwa miezi minne.

Kosa lilikuwa la watoto wake. Mama alikuwa na shinikizo la damu, kwa hiyo walimficha habari za ugonjwa wa Mkubwa. Walimwambia simu ya Mkubwa ni mbovu.

"Miezi minne simu mbovu," Mama alimwambia Mdogo pale wodini. "Stesheni nzima haina simu? Mumewe hana simu? Sikatwi mpaka nimsikie kwa masikio yangu. Na ujumbe wa kunisomea sitaki."

Hakuweza kuonyeshwa picha. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu wa uzee, na uso wa mtu kwake ulikuwa doa tu. Mama aliwajua watu kwa sauti.

Sauti ya Mkubwa, hata hivyo, haikuwa imepotea yote. Stesheni iliponunua mtambo wa kujitangazia, Mkubwa aliingizwa katika chumba kilichofunikwa mazulia kuta zote, akasoma maneno yote ya kazi, moja moja: tarakimu, siku, saa, majina ya vituo, maonyo na samahani. Mtambo uliyaunganisha maneno hayo kadiri ulivyohitaji. Kwa hiyo Mkubwa alilala hospitalini, akatolewa kikoromeo, akarudi nyumbani na ubao wake, na muda wote huo sauti yake iliendelea kwenda kazini kila siku bila yeye. Nakala ya maneno hayo alipewa kama kumbukumbu, na ndiyo iliyokuwa ndani ya kompyuta.

Kipaza alikuwa amefanya kazi jioni mbili kuyakata na kuyapanga. Neno "mama" alilikata kutoka kwenye "akina mama wenye watoto wapande kwanza". Salamu aliipata kwenye "habari za asubuhi, abiria wetu". Kila neno alilifunga kwenye kitufe kimoja cha kibodi, na juu ya kila kitufe alibandika kipande cha plasta chenye herufi, ili Mkubwa akibonyeza, sauti itoke.

Siku alipokuwa akikata, lilipita tangazo moja refu la treni ya jioni.

"Hilo ni la saa kumi na moja," alisema mumewe Mkubwa bila kuinua macho kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiipinda. "Upande wa pili."

"Umelijuaje?" aliuliza Kipaza. "Wewe treni hupandi, kaka. Unaogopa hata lifti."

Mumewe alizidi kuipinda suruali. Mkubwa alimtazama kwa muda mrefu. Ndipo alipoelewa kwa nini, tangu atoke hospitalini, mumewe alikuwa akichelewa kurudi jioni, na kwa nini alirudi bila mzigo na bila habari yoyote.

Katika kukata huko Kipaza aligundua jambo jingine. Baada ya maneno "treni itachelewa", Mkubwa aliongeza maneno mawili ambayo hayakuwa kwenye maandishi aliyopewa: "Lakini itafika." Aliyasema hivyo kila siku kazini, kwa hiari yake. Mkuu wa stesheni alimwonya kwamba stesheni haiwezi kuahidi jambo kama hilo. Mkubwa aliitikia kwa heshima na kesho yake akayasema tena. Kipaza aliyafungia maneno hayo kitufe cha peke yake, ingawa hakujua yatatumika wapi.

Ijumaa walijaribu kwa mara ya kwanza. Kipaza aliweka spika mbele ya maikrofoni, akapiga simu ya mtandao kwa Mdogo, na Mkubwa akabonyeza kitufe cha "mama". Sebuleni neno lilitoka safi. Upande wa pili Mdogo alisikia kitu kama samaki anayevuta pumzi.

"Programu inaitupa," alieleza Kipaza. "Imefundishwa kwamba kinachotoka kwenye spika ya kompyuta ni mwangwi, hivyo ikikisikia inakifuta. Sauti ya shemeji inaitwa takataka."

"Iambie si takataka," alisema mumewe Mkubwa.

"Haiambiwi, kaka. Inazungukwa."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Jumamosi. Kipaza aliinuka kutoka sakafuni, akavuta kiti, akaanza kuieleza kwa utaratibu, kwa sababu Mkubwa alikuwa mtu asiyegusa mtambo asioujua.

"Kompyuta ina kinywa na ina sikio," alisema. "Kinywa ni spika, sikio ni maiki. Jana kinywa kilisema hewani, sikio likasikia kutoka hewani, na mlinzi akakaa katikati akafuta. Leo nimeweka programu ndogo inayojifanya waya. Upande mmoja inajiita spika, upande wa pili inajiita maiki. Kompyuta inadanganyika pande zote mbili. Kinywa kitasema moja kwa moja ndani ya sikio. Haitapita hewani hata kidogo."

Mkubwa aliandika: "Waya uko wapi?"

"Haupo, shemeji. Hapo ndipo utamu ulipo."

Alichagua hapa, akachagua pale, akakagua mara ya pili. Kisha akasema, "Bonyeza."

Mkubwa alibonyeza kitufe cha "mama".

Hakikusikika chochote. Maji yalidondoka kutoka kwenye mabati. Lakini kwenye kioo cha kompyuta, mstari mmoja mwembamba wa kijani uliinuka, ukatetemeka, ukashuka.

Mumewe aliinama mpaka paji la uso likakaribia kioo. "Anasema?"

"Anasema."

"Anasema nini?"

"Mama."

"Mbona sisikii?"

"Kwa sababu hasemi na wewe."

Mumewe alinyoosha kidole akaugusa mstari ule mahali ulipokuwa umeinuka. Alikigusa kioo taratibu, kama anavyogusa kitambaa cha mteja ambacho hakijalipiwa mshono. Mkubwa alibonyeza tena, na mstari ukapanda chini ya kidole chake. Alikuwa amesikia sauti hiyo kwa nusu ya maisha yake: jikoni, kitandani, kwenye benchi la stesheni. Hakuwahi kuiona. Aliacha kidole pale.

"Friji," alisema hatimaye. "Naweza kuirudisha sasa?"

"Nilikwambia tangu asubuhi," alisema Kipaza.

Lakini hakuirudisha. Alisahau.

Walimpigia Mdogo kwanza. Alitoka wodini, akasimama kwenye korido. Mkubwa alivaa vipokea sauti vya masikioni ili amsikie, akabonyeza vitufe viwili. *Habari za asubuhi. Samahani.*

Mkubwa alisikia sauti ya magurudumu ya kitanda yakipita kwenye korido, na mtu akiuliza iliko maabara. Baadaye Mdogo alisema, "Dada." Akaongeza: "Dada, rudia kidogo."

Mkubwa alirudia.

"Naona nimekaa chini," alisema Mdogo. "Hapa sakafuni. Watu wananiruka."

"Mwandikie ainuke, sakafu za hospitali si za kukaliwa," alisema Kipaza, aliyekuwa ameegemea karibu na kipokea sauti. "Tumpe Mama?"

Walikubaliana mpango kwa mara ya mwisho. Mkubwa angesema mama. Angesema habari za asubuhi. Kisha angesema maneno yaliyokuwa karibu zaidi na ushauri kati ya yote waliyoyapata: *tafadhali fuateni maelekezo ya wahudumu.*

"Atadhani anapanda treni," alisema Kipaza.

Mkubwa aliandika: "Akubali tu." Akayapigia mstari.

Hapo Kipaza alifanya kosa lake. Katika kazi yake yote alikuwa na kanuni moja: kila aliyehudhuria lazima asikie. Katika harusi, anayekaa nyuma kabisa na wapishi lazima wasikie kiapo. Alimwona kaka yake amesimama bila cha kusikiliza, mikono imening'inia, naye akaona si haki. Alichomoa vipokea sauti vya shemeji yake. Kisha, kwa mazoea, aliweka alama kwenye kisanduku kimoja kilichoandikwa kwamba sauti zote ziende kote. Mara moja spika ya sebuleni ikafunguka, na wote watatu wakaisikia wodi: vijiko, viatu, mtu anakohoa.

"Sasa sote tumo," alisema Kipaza, akakaa kwa kuridhika.

"Mama, ni Dada," ilisema sauti ya Mdogo. "Simu hii hapa sikioni."

Mkubwa alibonyeza kitufe cha kwanza.

"Nani huyo?" alisema Mama. Sauti yake ilikuwa ya chini na yenye mikwaruzo.

Mkubwa hakuwahi kubonyeza kitufe cha pili, kwa sababu Mama alisema tena, kwa ukali kidogo, "Mimi ndiye niliyeuliza kwanza."

Sebuleni walitazamana.

"Nakuuliza wewe, nawe unaniuliza mimi," alisema Mama.

"Anagombana na nani?" aliuliza mumewe kwa kunong'ona.

Alipozungumza tena, ukali ulikuwa umemtoka, na sauti imekuwa ndogo kama ya mtu anayefungua mlango wa chumba asichotarajia kumkuta mtu.

"Mama?" alisema.

Sebuleni ilisikika pumzi yake tu.

"Mama," alisema tena. Safari hii hakuwa anauliza.

Mdogo alisogea karibu na simu. "Shemeji, kuna kitu. Sauti yake inamrudia. Kila anachosema kinarudi sikioni mwake, nyuma kidogo. Anajisikia mwenyewe."

Kipaza alielewa papo hapo. Sauti ya Mama ilikuwa inaingia kwenye kompyuta, inakwenda kwenye spika kama alivyotaka, na inakwenda pia kwenye ule waya usiokuwapo, unaoipeleka moja kwa moja kwenye sikio, na sikio linairudisha kwake. Alikuwa ameagiza sauti zote ziende kote, nazo zilikuwa zimetii. Alinyoosha mkono ili akifute kisanduku.

Mkubwa alimshika kifundo cha mkono.

"Msimkate," alisema Mama, kana kwamba ameona. "Kila mtu anyamaze."

Wakanyamaza. Wodini pia, watu wa vitanda vya jirani walikuwa wamenyamaza, kwa sababu vijiko havikusikika tena.

"Hii ni sauti ya mama yangu," alisema Mama. Alisema maneno machache, akangoja yamrudie, akaendelea. "Alipokufa, Mkubwa alikuwa bado mgongoni. Hatukuwa na picha. Hatukuwa na kitu cha kunasia sauti. Nilikaa nikisahau. Kwanza nikasahau alivyocheka. Halafu nikasahau alivyoita. Nikasema basi, imekwisha." Alingoja. "Kumbe ninayo. Kumbe nimekuwa nikitembea nayo miaka yote hii, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia."

Wangemwambia nini? Hakuna aliyekuwa hai ambaye angeweza kujua. Mkubwa aliutazama mstari wa kijani. Ulipanda na kushuka kwa maneno ya mama yake, na maneno hayo yalikuwa yanasafiri mpaka sebuleni hapo na kurudi kwake bila kupita hewani, yakiwa yamebeba mtu aliyezikwa kabla yeye hajajua kutembea. Mkono wake ulikuwa bado umemshika Kipaza. Kipaza hakujaribu kujinasua. Alikuwa amefungua mdomo kidogo, kama watu wanavyofungua wanapotazama juu.

"Mkubwa ndiye aliyeirithi," alisema Mama. "Sauti hii ni ya Mkubwa. Sasa, Mkubwa mwanangu, nikuulize. Kwa nini unanirudishia sauti yangu, na yako huitoi?"

Mkubwa alikuwa na kitufe cha habari za asubuhi, na kidole chake kilikuwa juu yake. Alikiondoa. Alimwachia Kipaza mkono, akamwonyesha kisanduku kwa kidevu. Kipaza alikifuta, akaiachia spika sauti ya Mama peke yake. Kisha Mkubwa alitafuta kwenye plasta zake, akabonyeza kitufe kimoja, akabonyeza cha pili.

*Tunaomba radhi. Huduma hii imesitishwa.*

Yalikuwa maneno aliyoyasoma siku moja kwa ajili ya treni ya mizigo. Yalitoka kwa utulivu na heshima, kama yalivyosomwa.

"Hiyo ni sauti yako ya kazini," alisema Mama. "Nimeisikia stesheni, najua. Nataka ya nyumbani."

Mumewe Mkubwa alifunika uso kwa kiganja. Mkubwa hakulia. Aliandika kwenye ubao neno moja, akamgeuzia Kipaza: "Maikrofoni." Kipaza alifungua mkoba, akatoa maikrofoni ya kweli, akaichomeka, akaiunganisha na ule waya. Mkubwa alifungua mtandio wake. Hakuisogeza maikrofoni mdomoni. Aliisogeza shingoni.

"Subiri, shemeji," alisema Kipaza. "Programu hii inatupa pumzi. Inadhani ni upepo." Akaingia kwenye mipangilio, akaizima tabia hiyo. "Haya. Haitatupa chochote sasa."

Mkubwa alipumua.

Ilikuwa pumzi tu, yenye mluzi mdogo pale hewa ilipopita kwenye tundu. Mstari wa kijani uliinuka kidogo sana, kama nyasi. Kisha Mkubwa aligonga kichwa cha maikrofoni kwa ukucha, mara mbili. Ndivyo alivyofanya kabla ya kila tangazo kwa miaka yote ya kazi yake. Wafanyakazi wenzake walidhani anajaribu kama mtambo unafanya kazi.

"Naam," alisema Mama. "Huyo ndiye. Ndugu zako walikuwa wakiingia chumbani kwangu kama mbuzi. Wewe ulikuwa unagonga mara mbili, halafu unangoja." Alivuta pumzi. "Basi nitauliza, na wewe ugonge. Mara moja ni ndiyo. Walikukata?"

Mkubwa aligonga mara moja.

"Shingoni?"

Mara moja.

"Na hawa wote walijua, mimi nikaambiwa simu mbovu?"

Mkubwa alichelewa, kisha akagonga.

"Nitawashughulikia. Huyu aliyeshika simu nitaanza naye, maana yuko karibu."

"Mama, tuliogopa presha," alisema Mdogo.

"Nyamaza, naongea na mkubwa wako. Mkubwa, walipokulaza kwenye kile kitanda chao, uliogopa?"

Mara moja.

"Sana?"

Mara moja.

"Ukaamka."

Mara moja, na safari hii kwa nguvu.

Mama akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza nauli. "Na mimi, na umri huu. Nikilala, nitaamka?"

Mkubwa aliinua kidole, lakini hakugonga. Hakuwa daktari, na hata daktari hakuwa ameahidi. Alikuwa amemdanganya mama yake kwa miezi minne kwa midomo ya watu wengine, na hakutaka kuongeza uongo mmoja kwa ukucha wake mwenyewe. Wote sebuleni walikitazama kidole hicho kikiwa hewani. Kipaza, akitaka kusaidia, alisogeza mkono kwenye kitufe cha *safari njema*. Kaka yake aliupiga kofi mkono huo.

Mkubwa aliigeukia kibodi. Alizipitia plasta moja moja mpaka akapata alichotafuta. Akabonyeza.

*Treni itachelewa.*

Akabonyeza kitufe cha jirani yake.

*Lakini itafika.*

Hakuna aliyesikia chochote sebuleni. Mstari tu ulipanda, ukashuka, ukapanda. Halafu spika ilianza kutoa mlio wa kukatikakatika, na mumewe Mkubwa alidhani mtambo umeharibika, mpaka Mdogo aliposema, "Anacheka. Shemeji, Mama anacheka."

"Mkuu wenu wa stesheni alikuwa anakukataza maneno hayo," alisema Mama. "Ulinisimulia. Nikakwambia yaseme tu." Alicheka tena, akaguna kwa maumivu ya nyonga, akatulia. "Basi. Mwiteni daktari. Aje sasa kabla sijafikiri vizuri."

Mdogo alimwita muuguzi. Wakati wakingoja, Mama aliomba jambo moja.

"Kile mlichokuwa mmekosea," alisema, "kinaweza kukosewa tena?"

Kipaza alimtazama Mkubwa. Mkubwa alitikisa kichwa kukubali. Kipaza, aliyekuwa tangu muda ule hathubutu kukisogelea kisanduku chake, alikisogelea sasa kwa uangalifu kuliko alivyowahi kufunga spika yoyote, akaweka alama.

"Shikamoo, mama," alisema Mama.

Wote walijua kilichokuwa kinarudi sikioni mwake, ingawa hawakukisikia.

"Ananiamkia na yeye," alisema Mama. "Tunaamkiana. Hakuna mkubwa kati yetu."

Aliendelea kumwamkia mpaka viatu vya daktari viliposikika vikiingia wodini. Jua lilikuwa limetoka, na mabati yalikuwa yameacha kudondosha. Sebuleni hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogeza kiti.

Baada ya hapo, Mama alikubali mbele ya daktari, akapasuliwa Jumatatu, akaamka jioni, akauliza ni nani aliyemfunga bendeji kwa mtindo wa kifurushi. Mdogo alisemwa kwa muda mrefu kuhusu simu mbovu, akavumilia, na baada ya wiki mbili alimshika Mama mkono alipopiga hatua za kwanza. Kipaza alikwenda mchana wa Jumamosi hiyohiyo kufunga spika kwenye harusi, na kabla ya kuanza aliwauliza maharusi kama kweli wanataka kila mtu asikie. Mumewe Mkubwa alirudisha friji, akayamwaga maziwa, akaifanya saa ya ukutani iendelee kutoka pale alipoisimamisha, ikawa nyuma kwa siku kadhaa. Mkubwa alifunga mtandio wake, akazima kompyuta, na jioni ya Jumamosi hiyo akafuatana na mumewe mpaka stesheni. Walikaa kwenye benchi ambalo mumewe alikuwa amelizoea, wakasikiliza treni ya saa kumi na moja ikitangazwa.